Kabla ya Shepu ya Uturuki Kulikuwa na Wigi: Bongo Ilianza Lini Kuwasema Mabinti kwa Urembo Wao?

Staa akitupia picha mpya Insta, hata lisaa limoja halijaisha mtu keshaweka picha yake ya zamani pembeni. Kabla na baada! Hapo ndo povu linaanza. Pua kachonga, midomo kajaza, shepu ya Uturuki, uso Fanta mikono Coca-Cola. Akikataa anaitwa muongo, akikubali anaambiwa kamkosoa Mungu. Na wengi wao ni wadogo tu, miaka 21, 22.

Kuna wanaosema haya yote yameletwa na simu. Wadau, turudi nyuma kidogo, maana bibi zetu waliyaona haya kabla Insta haijafikiriwa.

Ilikuwa Oktoba 1968, Dar es Salaam. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, wigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana vilikuwa marufuku. Hoja kubwa ilikuwa utamaduni: nchi imeshapata uhuru, kwa nini binti ahangaike kufanana na Mzungu?

Hoja yenyewe ilikuwa na uzito wake. Shida ilikuwa namna ilivyofika mtaani. Tarehe ya kuanza haijafika hata, makundi ya vijana wa kiume pale Kariakoo yakaanza kuwakimbiza wasichana waliovaa nguo fupi. Wengine walivuliwa nguo hadharani na mabasi yakasimamishwa, mpaka polisi wakaingilia kati.

Magazetini nako hakukukalika. Kwa miezi kadhaa watu walitumiana barua, hawa wanaunga mkono, wale wanapinga. Kuna waliouliza swali ambalo mpaka leo lina moto: kama kimini ni cha kigeni, suti na tai za wakubwa zilitoka kijiji gani? Ukizisoma barua zile leo utadhani unapitia komenti za jana usiku, tofauti ni kwamba zile zilibandikwa stempu.

Mashindano ya urembo nayo yalizimwa kipindi hicho hicho. Miss wa 1967 alikaa muda mrefu bila mrithi, maana Miss Tanzania ilirudi 1994. Mrembo akapanda tena jukwaani, magazeti ya udaku yakashamiri, bongo movie ikafuata, na kila aliyepata jina akapimwa rangi. Neno mkorogo likawa tusi la kila siku.

Sasa hapa ndo penyewe. Wakati wote huo ambao mabinti walikuwa wanatukanwa, nani alikuwa anatengeneza hizo sabuni na mafuta?

Baadhi ya sabuni za kujichubua zilizouzwa Afrika zilikuwa na zebaki. Zebaki inaizuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndo maana mtu anakuwa mweupe. Lakini haiishii kwenye ngozi. Inaingia mwilini, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Ulaya walilijua hilo. Mwaka 1976 walipitisha sheria ya kuondoa zebaki kwenye vipodozi vya watu wao, ila viwanda vya huko huko vikaendelea kutengeneza sabuni za zebaki za kuuza nje, Afrika ikiwemo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia biashara hiyo ya nje ilikuja 2003. Piga hesabu, ni miaka 27.

Mwaka huo huo wa 2003 Tanzania nayo ikapata Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, iliyoipa serikali meno ya kukamata bidhaa zenye sumu. Yaani kutoka Operesheni Vijana mpaka hapo ni zaidi ya miaka 30. Muda wote huo msichana alishajua kwamba kujichubua ni aibu. Kwamba kopo lina sumu, wengi hawakuambiwa.

Aibu bila maelezo inafanya kitu kimoja: inamfundisha mtu kujificha. Ananunua kopo lisilo na lebo, anachanganyiwa chumbani na mtu asiye na cheti, akiungua uso anaogopa kwenda hospitali kwa sababu atachekwa.

Hadithi ni ile ile kwa wanaoongeza makalio. Upasuaji ule unanyonya mafuta tumboni na kuyadunga nyuma. Yakidungwa ndani sana kwenye msuli, yanaweza kuingia kwenye mshipa mkubwa wa damu na kwenda kuziba mapafu. Mtu anafia mezani. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo Uingereza kiliwashauri wanachama wake wauache kwanza kwa sababu ya vifo. Hiyo ndo habari ambayo binti wa Sinza anayechangisha nauli ya ndege anaihitaji. Anachokipata ni vijembe na picha ya kabla na baada.

Kuhoji urembo wa mastaa si dhambi. Wanauza sura, wanatangaza bidhaa, na wadogo zetu wanawaiga. Lakini tangu 1968 tumekuwa hodari wa kumvua binti wigi hadharani, huku muuza kopo akihesabu hela zake kwa utulivu.

Safari ijayo staa akitupia picha na sura mpya, swali la kumuuliza lipo: dada, ulifanyiwa na nani, na alikueleza hatari zake?

We mdau unasemaje? Tungewauliza hivyo, wangejibu ukweli?