Lori au Mlaika?

Jua likishatua Voi, nyika hupoa na sauti nzito husafiri mbali. Saa hizo ndipo Mlaika, ndovu yatima wa miaka 10, alipozoea kuvuma akiwa katika zizi lake la usiku Tsavo, kilomita 3 hivi kutoka barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Mtafiti Joyce Poole alimsikiliza akashindwa kutofautisha: lile ni lori la mbali, au ni Mlaika? Sikio lilipogota, jibu likatafutwa kwenye kinasasauti.

Si kinasasauti chochote tu. Wengi wetu tulianza na kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na utepe wa hudhurungi, uliopakwa chembe za oksidi ya chuma, unaanza kuzunguka. Ukilegea, unaukaza kwa penseli. Utepe huo hauna hata milimita 4 kwa upana. Kumhifadhi bibi akisimulia kwa Kidawida, unatosha, nami nauheshimu kwa kazi hiyo. Lakini sehemu ya mivumo ya ndovu iko chini kuliko sikio la binadamu linavyoweza kufika, na redio kaseti ya nyumbani ilitengenezwa kwa maneno na muziki.

Kanda ya kitaalamu iliweza. Mwaka 1984, katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, mtafiti Katy Payne alihisi hewa ikitetemeka karibu na ndovu waliokuwa kimya. Akarekodi. Kanda ilipokuja kuchezwa kwa kasi kuliko ilivyorekodiwa, sauti zilizojificha zikapanda hadi zikasikika.

Kompyuta ikaongeza jambo jingine: sauti ikageuzwa tarakimu, tarakimu zikawa mchoro. Mvumo wa Mlaika ukalinganishwa na wa malori, kisha na milio ya kawaida ya ndovu. Ulifanana na malori. Mnamo Machi 2005 Poole na wenzake walichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature: ndovu anaweza kujifunza sauti isiyo ya kwao na kuiiga. Nasema ni miongoni mwa habari kubwa zilizowahi kutoka Tsavo, na inastahili kusimuliwa kila darasa Taita Taveta.

Leo kila mfuko Voi una kinasasauti cha dijitali. Ila simu nyingi hupunguza mivumo ya chini ili maneno yasikike vizuri. Rekodi usiku karibu na uzio wa mbuga: honi ya lori utafika nayo nyumbani, na sehemu kubwa ya ndovu itabaki nyikani.