Jino na Maradhi katika Umaasai wa Kajiado

Matasia, kati ya Ngong na Kiserian, imo katika nchi ambayo Wamaasai walikuwa na desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya taya la chini. A. C. Hollis aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1905. Meno ya utotoni yaling'olewa kwa ncha ya kisu. Ya ukubwani yalipoota, yakang'olewa tena. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya tiba: mtu akishikwa na pepopunda na taya zikakazana, maziwa yangepitishwa pengoni. Kwa wafugaji walioishi mbali na tabibu yeyote, hoja hiyo ilikuwa na uzito.

Meno yaliyobaki yalisuguliwa kwa kijiti. Mti wa oremit, ambao Waswahili huuita mswaki, hutafunwa ncha hadi nyuzi zichanue, nao huondoa ukoga vizuri.

Desturi ya kuchokoa fizi za watoto ndiyo iliyoumiza. Mtoto akiharisha au akipata homa, uvimbe mahali pa chonge ulilaumiwa, ukafukuliwa kwa kisu. Mwaka 1995 Jameela Hassanali na wenzake waliripoti kwamba asilimia 87 ya watoto wa Kimaasai waliowachunguza, wa miezi 6 hadi miaka 2, walikuwa wametolewa machipukizi ya meno. Kilichotolewa hakikuwa chanzo cha maradhi. Kilikuwa jino changa, na kidonda chake kilifungua njia ya maambukizi.

Kosa hilo halikuwa la Wamaasai peke yao. Mwaka 1910 daktari wa London, William Hunter, alihutubia Montreal akishutumu usaha wa vinywani kuwa chanzo cha maradhi ya mwili mzima. Kwa miaka mingi baadaye, madaktari wa Ulaya na Marekani waling'oa meno mazima wakitarajia kuponya viungo vilivyovimba. Matokeo yalikuwa hafifu, na nadharia ikaachwa.

Hata hivyo, fizi ziliendelea kuchunguzwa. Miaka ya 1980, jirani na Kajiado, watu 1,131 wa Machakos walipimwa meno. Utando na ukoga vilikutwa kwa karibu kila mtu, lakini uharibifu mkubwa wa fizi uliwakusanyikia wachache. Uchafu peke yake, basi, hauelezi yote; aina ya bakteria na kinga ya mwenye kinywa vina sehemu yake.

Bakteria mmoja wa fizi, Porphyromonas gingivalis, alirudisha swali la Hunter kwa sura nyingine. Mwaka 1999 kimeng'enya chake kilitengwa: hubadili protini, na protini zilizobadilika namna hiyo ndizo ambazo kinga ya wagonjwa wengi wa baridi yabisi huzishambulia kana kwamba ni adui, hadi viungo vikaharibika. Kwamba bakteria huyo ndiye anayeuanzisha ugonjwa bado ni dhana. Kinachotibiwa ni fizi, kwa kuziondolea ukoga. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati, na chonge yake iachwe iote.