Ubao Mmoja, Watoto Watatu

Wapenzi, Januari imebisha hodi, na madaftari, sare na viatu vimeshatutoa jasho.

Bibi zetu hapa Unguja walimpeleka mtoto chuoni na ubao. Akiandikiwa aya kwa wino na kalamu ya unyasi. Akishahifadhi, ubao unaoshwa, unaandikwa tena. Akihitimu, anaurithi mdogo wake.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume akatangaza elimu bure. Ada ikaondoka, sare tukabaki nazo. Kisharia matumizi ya mtoto ni juu ya baba, ila kibubu kinachovunjwa mara nyingi ni cha mama. (Mabibi harusi, lizungumzeni hili mapema!)

Mwaka huu kwetu mkoba wa kaka anauchukua mdogo wake. Tumebadilisha zipu tu.