Madiwani waliokwenda jela: Poplar, 1919 hadi 1922 (Sehemu ya 3)

Haya mama zangu, na ninyi akina baba mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata salamu, nawaona pia. Tuendelee.

Mliotazama ile tamthilia ya Call the Midwife mnaijua Poplar: mashariki ya London, karibu na bandari, miaka ya 1950, wakunga juu ya baiskeli na nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Wengi mmeniuliza huduma ile ilitoka wapi, nesi anamfuata mama mpaka nyumbani bila mama kulipa. Jibu la haraka ni kwamba mwaka 1948 serikali ya Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa. Ni kweli. Lakini Poplar walikuwa wameanza mapema zaidi, na walianzia kwenye kura ya udiwani. Siyo ya ubunge, jamani. Udiwani, ile kura ambayo watu wengi wanaiona ya kupitisha muda tu.

Kwanza tuangalie nani alikuwa anapiga kura. Kabla ya 1918, Uingereza ilikuwa na sheria moja inayouma sana: ukipokea msaada wa maskini, unapoteza haki ya kupiga kura. Yaani mume kakosa kazi bandarini, watoto wana njaa, mnaenda kwenye bodi ya kusaidia maskini mnapewa chochote, basi jina linafutwa kwenye daftari la wapiga kura. Wanawake nao walikuwa wanasogezewa mlango kidogo kidogo. Mwaka 1869 waliruhusiwa wale wasio na mume wanaolipa kodi ya nyumba, tena kwa kura za mitaa tu. Mwaka 1894 wake za watu nao wakaanza kuingia. Kukaa kwenye kiti cha diwani wa mji kulisubiri mpaka 1907.

Mwaka 1918 mambo mawili yakatokea pamoja. Ile sheria ya kumfuta maskini kwenye daftari ikaondolewa, na wanawake wengi sana wakaandikishwa, wakiwemo wake wa wapangaji waliofika miaka 30. Mwaka huohuo ikapita sheria ya huduma za mama na mtoto. Sheria hiyo iliziruhusu halmashauri kufungua kliniki, kuajiri manesi wa kutembelea nyumba, na kugawa maziwa na chakula kwa wajawazito na watoto. Kamati ya kusimamia kazi hiyo ilitakiwa iwe na wanawake wasiopungua wawili.

Someni tena hapo: iliziruhusu. Haikuzilazimisha. Kwa hiyo mtoto wa mtaa huu anapata maziwa na wa mtaa wa pili hapati, kutegemea nani amekaa kwenye viti vya halmashauri. (Na wewe ulioko Tanzania, zahanati unayompeleka mwanao kupimwa uzito iko chini ya halmashauri. Haya, turudi London.)

Kwa sababu ya vita, uchaguzi wa madiwani London haukufanyika tangu 1912. Ulipokuja Novemba 1919, Poplar iliamka na halmashauri mpya kabisa. Chama cha Labour kilichukua viti 39 kati ya 42. Walioingia walikuwa vibarua wa bandari, watu wa reli, wafanyakazi wa posta, na wanawake wachache wenye msimamo. Meya akawa George Lansbury, mzee aliyekuwa akiwapigania maskini wa mtaa ule kwa miaka mingi.

Hawakukaa kusubiri. Waliongeza manesi wa kutembelea watoto, waligawa maziwa, walijenga nyumba. Mwaka 1920 wakapanga mshahara wa chini wa pauni 4 kwa wiki kwa wafanyakazi wa halmashauri, mwanamke sawa na mwanamume. Mwaka 1920! Kuna sehemu hadi leo hiyo ni ndoto.

Sasa shida ikawa pesa. Halmashauri ilipata fedha kwa kodi ya majengo, na majengo ya Poplar yalikuwa vibanda vya watu wa bandari. Kwa kiwango kilekile cha kodi, peni moja kwa kila pauni ya thamani ya nyumba, Westminster kwa matajiri ilikusanya zaidi ya pauni 31,000. Poplar ilipata kama pauni 3,600. Halafu kila mtaa ulitakiwa kuwalisha maskini wake wenyewe. Yaani penye njaa nyingi ndipo palipotozwa zaidi, na Westminster iliyokuwa na wasio na kazi wachache ililipa kidogo. Juu ya hapo, Poplar ilitakiwa kukusanya michango ya baraza kuu la London, polisi, maji na bodi ya hospitali.

Machi 1921 madiwani wakapiga kura: hiyo michango hatukusanyi. Za mtaa wetu tutakusanya, za huko juu hapana, mpaka mitaa tajiri ichangie mzigo wa maskini. Hata ndani ya Labour si wote walifurahi. Herbert Morrison wa Hackney alipinga waziwazi. Mimi naelewa hofu yake, kuvunja sheria ni jambo zito. Ila nikiangalia zile pauni 3,600, najiuliza njia nyingine ilikuwa ipi.

Walipelekwa mahakamani. Walikwenda kwa maandamano, kwa miguu, na wananchi nyuma yao. Mahakama ikasema lipeni, wakagoma, na Septemba 1921 madiwani 30 wakafungwa: wanaume 25 gereza la Brixton, wanawake 5 Holloway. Wanawake hao ni Susan Lawrence, Julia Scurr, Jennie Mackay, Minnie Lansbury na Nellie Cressall.

Nellie alikuwa mjamzito, tumbo kubwa tayari. Mumewe George naye alikuwa diwani, naye kafungwa. Fikiria mwenyewe, mama mwenye mimba kama ile kwenye chumba cha gereza, kwa kosa la kukataa kuwabebesha majirani zake kodi wasiyoiweza. Serikali iliona aibu, ikamtoa kabla ya wenzake.

Waliobaki hawakunyamaza. Watu walikuja nje ya gereza kuimba, na Lansbury aliwahutubia kupitia nondo za dirisha. Wakadai wafanye vikao vya halmashauri humohumo gerezani, wakakubaliwa. Wanawake walitolewa Holloway kwa teksi hadi Brixton, kikao kinafunguliwa, ajenda inasomwa. Mitaa ya jirani, Stepney na Bethnal Green, ikapiga kura kufuata njia ileile. Hapo wakubwa wakaona moto unasambaa. Tarehe 12 Oktoba madiwani waliachiwa, na kabla mwaka haujaisha bunge lilipitisha sheria ya kugawana gharama za kusaidia maskini London nzima. Westminster ikaanza kuchangia Poplar.

Minnie Lansbury hakufurahia muda mrefu. Alikuwa mwalimu, binti wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Poland, mkwe wa yule mzee George. Tarehe 1 Januari 1922 alifariki kwa nimonia baada ya mafua makali, ana miaka 32. Wenzake waliamini jela ilimdhoofisha. Mkifika Bow Road mtaiona saa ya ukutani yenye jina lake.

Na ule mshahara wa pauni 4? Mwaka 1925 majaji wa mahakama ya juu kabisa waliuita kinyume cha sheria. Mmoja wao aliwalaumu madiwani kwa kufuata tamaa ya kutetea usawa wa wanawake. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea.

Lakini wapiga kura wa Poplar hawakuwatupa. Labour waliishikilia halmashauri ile mpaka ilipounganishwa na mitaa jirani mwaka 1965. Na Nellie, yule mjamzito wa Holloway, aliendelea na udiwani kwa miaka mingi. Mwaka 1943, vita ya pili ikiendelea, akawa meya wa Poplar.

Sehemu ya 4 nikitoka zamu ya usiku, Mungu akipenda.