Wafungaji na Walinzi: Somo kutoka Shinyanga na Geita

Mwalimu wa darasa, tafadhali waambie wanafunzi wafungue daftari na kushika kalamu, maana leo tutaandika hesabu ndogo.

Somo letu la leo ni juu ya timu. Timu ni watu waliokubaliana kufanya kazi moja. Katika mpira wa miguu, na katika mpira wa magongo pia, kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kufunga mabao. Ya pili ni kuzuia kufungwa. Watu wengi hupenda ile ya kwanza. Mchezo ukiisha, mfungaji hubebwa mabegani na jina lake hutajwa sokoni. Beki aliyezuia mabao matatu huoga, akavaa viatu vyake, akaenda nyumbani kimya.

Sasa andikeni hesabu. Katika ligi, timu ikishinda hupata alama 3. Ikitoka sare hupata alama 1. Ikishindwa haipati kitu.

Mwezi wa Septemba 2018, Stand United ya Shinyanga ilisafiri hadi Dar es Salaam kucheza na Yanga. Mchezaji wake mmoja, Alex Kitenge kutoka Burundi, alifunga mabao matatu peke yake. Kufunga mabao matatu mbele ya Yanga, tena kwao, si jambo dogo. Lakini Yanga walifunga manne. Basi andikeni: Stand United, mabao 3, alama 0.

Mwezi wa Oktoba 2019, Mwadui, timu ya mgodi wa almasi wa mkoa huo huo wa Shinyanga, ilicheza na Simba katika uwanja wa Kambarage. Simba walikuwa hawajashindwa katika ligi ya msimu ule. Mwadui walifunga bao moja tu, kisha wakalilinda mpaka filimbi ya mwisho. Andikeni: Mwadui, bao 1, alama 3.

Tazameni hesabu hizo mbili. Bao moja lililolindwa lilileta alama tatu. Mabao matatu yasiyolindwa hayakuleta hata moja. Mwisho wa msimu ule wa 2018/19, Stand United ilishuka daraja.

Wazee wetu waliocheza zamani watasema, "Sisi tulikuwa na mafowadi watano." Wanasema kweli. Zamani timu ya watu 11 ilipangwa hivi: golikipa mmoja, mabeki wawili, mahafu watatu, na mafowadi watano. Mpango huo ulitumika katika mpira wa miguu na katika mpira wa magongo vilevile. Watu watano walikwenda mbele, na wawili tu wakabaki nyuma kabisa.

Mpango huo ulibadilika kwa sababu ya sheria. Kabla ya mwaka 1925, mchezaji wa mbele alihesabiwa ameotea kama hakuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 sheria ikasema wawili watosha. Mara mafowadi wakapata nafasi kubwa, na mabao yakawa mengi. Huko Uingereza, Herbert Chapman, kiongozi wa timu ya Arsenal, alimchukua yule hafu wa katikati akamrudisha nyuma, asimame kati ya mabeki wawili. Sasa wakawa watatu nyuma. Kisha baadhi ya mafowadi nao wakasogezwa nyuma kidogo ili kuziba pengo la katikati. Hapo ndipo walimu wengi wa mpira walipojifunza kwamba ukiongeza mtu nyuma, unapunguza mtu mbele. Watu ni 11 tu. Hakuna wa kumi na mbili.

Nchi yetu nayo ilipata somo hili kwa uchungu. Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya mpira wa magongo katika Michezo ya Olimpiki mjini Moscow. Nchi nyingi zilikuwa zimesusia michezo hiyo, na timu za wanaume za mchezo huo zilikuwa 6 tu. Vijana wetu walikutana na India, taifa lililokuwa limekwisha kushinda dhahabu ya mchezo huo mara nyingi. India walifunga mabao 18. Sisi hatukufunga hata moja. Tulimaliza katika nafasi ya 6.

Lakini hadithi haikuishia hapo. India hao hao walipofika fainali na Hispania, waliongoza kwa mabao matatu bila. Hispania wakaanza kurudisha. Mwisho India walishinda kwa mabao 4 kwa 3. Wale waliofunga 18 mbele yetu, siku ya dhahabu waliokolewa na tofauti ya bao moja. Siku hiyo kila mpira uliozuiwa na mabeki ulikuwa na thamani sawa na bao.

Majirani zetu wa Kenya nao wanakumbukwa katika mchezo huo. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia lililochezwa Barcelona, walishika nafasi ya 4. Walishindwa na India kwa mabao 2 kwa 1 tu, tena baada ya muda kuongezwa. Mmoja wa watu mashuhuri katika historia ya mpira wa magongo wa Kenya ni Avtar Singh Sohal, aliyecheza katika Olimpiki nne, kutoka 1960 hadi 1972. Naye alikuwa beki.

Labda mwanafunzi mmoja atasema, "Basi tuwaweke wote nyuma, tulinde." Hapana, ndugu yangu. Kulinda peke yake hakutoshi. Ile Mwadui iliyowashinda Simba mwaka 2019, mwaka mmoja baadaye ilifungwa na Simba hao hao mabao matano bila. Mwisho wa msimu wa 2020/21 nayo ikashuka daraja. Timu isiyofunga huchoka, maana mpira humrudia beki kila mara, na mtu akichoka hukosea.

Sasa twendeni Geita. Msimu wa 2021/22 timu ya Geita Gold ilicheza Ligi Kuu ikiwa ngeni, na ikamaliza katika nafasi ya 4. Mshambuliaji wake, George Mpole, alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa nchi nzima. Alimpita Fiston Mayele wa Yanga aliyefunga 16. Watu wa Geita walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini timu ikiwa na mfungaji mmoja mkubwa, huwa na maswali mawili. La kwanza: wapinzani wakimweka mtu wa kumfuata kila aendako, nani atafunga? La pili: akiondoka, nani atashika nafasi yake? Msimu uliofuata Mpole aliondoka, akaenda kucheza Kongo. Saido Ntibazonkiza, mfungaji mwingine aliyekuwa amejiunga na Geita, alihamia Simba katikati ya msimu. Mwisho wa msimu huo Saido na Mayele wakawa wafungaji bora, kila mmoja kwa mabao 17. Geita ilikuwa imewapoteza wafungaji wake wawili. Mwaka 2024 timu ikashuka daraja. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa hiyo moja tu. Timu haishuki kwa sababu moja. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na mfungaji mmoja habebi timu miaka yote.

Ninyi mnaochimba dhahabu Geita mnalijua jambo hili kuliko mimi. Ndani ya duara yuko anayepiga mwamba. Huyo ndiye anayeiona dhahabu kwanza. Yuko anayevuta kamba juu. Na yuko anayepiga matimba, yaani anayepanga miti ya kuzuia kuta zisianguke. Huyu wa matimba hatoi hata gramu moja. Lakini asipofanya kazi yake vizuri, wote watafukiwa, pamoja na dhahabu yao. Na kama hakuna anayepiga mwamba, matimba nayo hayana maana, mnalinda shimo tupu. Wenye busara huwa na wapigaji zaidi ya mmoja, ili mmoja akiugua kazi isisimame. Tena mpigaji mwenyewe akiona mti umelegea, hapiti akasema, "Hiyo si kazi yangu." Anausimamisha.

Hivyo ndivyo timu nzuri inavyopangwa. Winga akipoteza mpira, anakimbia kurudi. Beki akipanda kushambulia, mchezaji wa katikati anabaki kushika mahali pake. Wafungaji wawe wengi, kila mmoja mabao machache, kuliko mmoja mwenye mabao yote. Na siku ya kugawa posho na sifa, mlinzi asisahauliwe, maana mtu asiyeshukuriwa huanza kutamani kazi ya mwenzake na kuiacha yake.

Jambo hili si la mchezo tu. Timu ya Ligi Kuu inapokuwa mjini, Simba na Yanga huja, na watu hujaa. Mama anayeuza chakula karibu na uwanja hupata wateja. Mwenye nyumba ya wageni hupata wageni. Kijana wa bodaboda hupata abiria. Timu ikishuka, wageni hao huenda kwingine. Shinyanga imeona hivyo, na Geita pia. Kwa hiyo siku mtakapokuwa uwanjani na beki akazuia mpira, mpigieni makofi. Ameokoa zaidi ya goli.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Timu iliyofunga mabao 3 na kufungwa 4 inapata alama ngapi? Iliyofunga 1 bila kufungwa inapata ngapi?
2. Sheria ya mwaka 1925 ilibadili nini katika kupanga timu?
3. Katika kazi yenu ya shamba, ya mgodi au ya ushirika, nani ni mfungaji na nani ni mlinzi? Je, mnawashukuru wote sawa?

Andikeni jibu la swali la tatu kwa sentensi tano. Tutaonana katika somo lijalo. Kwaherini.