Michezo ya video ya kuimba: Upi humfundisha mtu, upi humsifu tu?

KIJANA anashika kipaza sauti mbele ya runinga, anaimba wimbo aupendao, na mwishoni kioo kinamwandikia alama 9,000 kati ya 10,000. Nyumba nzima inampigia makofi. Wiki inayofuata anasimama kuimba katika kwaya, bila kioo cha kumwongoza, na sauti inampotea kabla ya ubeti wa pili.

Kwamba michezo ya video ya kuimba inafurahisha, hilo halina ubishi. Lenye ubishi ni iwapo alama hizo zinamaanisha kwamba mtu amekuwa mwimbaji bora. Kwa mnunuzi anayetaka kujifunza, na si kuburudika tu, jibu linategemea mambo machache yanayoweza kukaguliwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Ilikotoka

Mwaka 1971, mwanamuziki Daisuke Inoue wa mji wa Kobe, Japani, alitengeneza mashine iliyopiga muziki usio na mwimbaji ili wateja wa baa waimbe wenyewe. Neno karaoke lenyewe maana yake ni okestra tupu. Mashine hizo za mwanzo hazikuwa na kazi ya kumhukumu mtu. Zilimpigia muziki, basi.

Hukumu ilikuja baadaye. Mwaka 2003, kampuni ya Harmonix ya Marekani ilitengeneza mchezo wa Karaoke Revolution, uliotolewa na Konami kwa ajili ya PlayStation 2. Mwaka uliofuata, studio ya Sony ya mjini London ilitoa SingStar, ikiwa na vipaza sauti viwili, chekundu na cha buluu. Rock Band ilifuata mwaka 2007, na Lips ya Xbox 360 mwaka 2008.

Baadhi ya majina hayo sasa ni historia. Miongoni mwa iliyochukua nafasi yake ni mfululizo wa Let's Sing, uliotengenezwa na kampuni ya Voxler ya Ufaransa kwa ajili ya Nintendo Switch, PlayStation na Xbox. Ipo pia UltraStar Deluxe, programu ya kompyuta inayotolewa bure, pamoja na programu nyingi za simu za mkononi.

Mchezo unapima nini

Kila noti ni idadi ya mitetemo ya hewa kwa sekunde. Noti ya la inayotumika kulinganisha ala za muziki hutetema mara 440 kwa sekunde. Ile iliyo oktava moja juu yake hutetema mara 880. Kati ya hizo mbili kuna ngazi 12, ambazo kila moja huitwa nusu toni.

Mchezo hukata sauti ya mwimbaji katika vipande vidogo vidogo, hutafuta idadi ya mitetemo katika kila kipande, kisha hulinganisha na noti iliyoandikwa katika faili la wimbo. Huangalia pia iwapo noti ilianza na kumalizika kwa wakati wake. Hayo mawili, noti na wakati, ndiyo chimbuko la karibu alama zote.

Mambo mengi ya uimbaji hubaki nje ya mizani hiyo. Kwa kawaida mchezo hausikii kama maneno yametamkwa, na ndiyo maana mtu anayeimba mdomo umefumbwa anaweza kuzoa alama nyingi. Hausikii kama pumzi imetoka tumboni au kooni. Hauwezi kupima uzuri wa sauti, wala hisia.

SingStar na UltraStar pia hazijali oktava. Mwanamume anaweza kuimba wimbo wa mwanamke oktava moja chini na asipunguziwe alama. Jambo hilo ni jema kwa koo lake, kwa kuwa halazimiki kupaza sauti kupita uwezo wake.

Alama 9,000 za nani?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Katika UltraStar Deluxe, kiwango rahisi humsamehe mwimbaji aliyekosea hadi nusu toni mbili. Kiwango cha kati husamehe nusu toni moja. Kiwango kigumu hudai noti yenyewe.

Maana yake ni kwamba mtu mmoja, kwa wimbo mmoja na sauti ileile, anaweza kupata alama za juu katika kiwango rahisi na kuanguka katika kile kigumu. Sauti yake haikubadilika. Kilichobadilika ni mizani. Katika kwaya, mtu aliyepotoka nusu toni moja tu husikika na kila aliyemo ukumbini.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukagua ni viwango vya ugumu. Mchezo usio na kiwango kinachodai noti yenyewe ni burudani, lakini si mwalimu.

Jambo la pili ni kioo kinaonyesha nini. Mchezo unaofaa kujifunzia huchora mstari wa noti inayotakiwa na, papo hapo, mstari wa sauti ya mwimbaji, ili aone kama amepanda juu mno au ameshuka chini. Ule unaoandika maneno ya sifa pekee humjulisha kwamba amekosea, bila kumwonyesha amekosea upande gani.

Utafiti unasemaje

Wazo la kutumia kioo kufundishia uimbaji ni la zamani kuliko michezo hii. Mwaka 1989, watafiti Graham Welch, David Howard na Christine Rush wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watoto wa shule ya msingi. Programu ya kompyuta iliwaonyesha watoto mstari wa sauti zao walipokuwa wakiimba, na waliopata msaada huo waliongeza usahihi wa noti.

Utafiti mwingine, wa Sean Hutchins na Isabelle Peretz wa Montreal, Kanada, uliochapishwa mwaka 2012, unaeleza kwa nini kioo chaweza kusaidia. Watu wasio waimbaji walitakiwa kuifuata noti kwa sauti zao, kisha kwa kifaa cha kutelezesha kidole. Kwa kidole walifanya vizuri zaidi, na kwa sauti wengi walikosea.

Kwa maneno mengine, wengi wanaojiita viziwi wa muziki wana masikio mazima. Kinachowashinda ni kuiongoza sauti ifike pale sikio linapotaka. Kazi hiyo ni ya mazoezi, na mchezo unaochora mstari unaweza kuyasimamia.

Hata hivyo, kioo ni mkongojo. Anayeimba akikitazama kila siku hujifunza kufuata mstari kwa macho, na macho hayo hayamsaidii anapokuwa madhabahuni au jukwaani. Utaratibu wenye manufaa ni kuimba wimbo mara mbili kwa kutazama, kisha mara ya tatu kwa kukipa kioo kisogo, na kusoma alama mwishoni tu. Alama za mara ya tatu ndizo za mwimbaji mwenyewe.

Majaribio mawili dukani

Jaribio la kwanza ni la ukimya. Sauti ya runinga ipandishwe kama itakavyokuwa nyumbani, kipaza sauti kishikwe, na mtu asiimbe chochote. Iwapo alama zinapanda, kipaza sauti kinamnasa mwimbaji wa kwenye wimbo, na mchezo unampongeza yeye.

Kasoro hiyo hupungua kwa kushusha sauti ya runinga, kushika kipaza sauti karibu na mdomo au kutumia vipokea sauti vya masikioni. Ni vyema pia mchezo uwe na uwezo wa kupunguza sauti ya mwimbaji wa awali, kwani anayejifunza akimfuata mwenzake bega kwa bega hajui ni lini amebaki peke yake.

Jaribio la pili ni la ucheleweshaji. Runinga bapa za kisasa huchukua muda kuchakata picha na sauti, na vipaza sauti vya Bluetooth huongeza muda wake. Kuchelewa kwa milisekunde 100 ni sehemu moja ya tano ya pigo katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika. Mwimbaji aliye sahihi ataonekana amechelewa, naye ataanza kuharakisha ili kuufurahisha mchezo, na hiyo ni tabia mbaya atakayoibeba hadi kwenye bendi.

Dawa ni kipaza sauti cha waya wa USB, runinga iliyowekwa katika hali ya michezo, na mchezo wenye ukurasa wa kurekebisha ucheleweshaji. Vipaza sauti vya zamani vya SingStar, ambavyo ni vya USB, hufanya kazi pia katika kompyuta yenye UltraStar, hivyo aliye navyo hana haja ya kuvitupa. Let's Sing huruhusu simu itumike kama kipaza sauti kupitia programu yake. Ni nafuu, ila jaribio la ucheleweshaji lisirukwe.

Nyimbo ni za nani

Tarehe 31 Januari 2020, Sony ilizima seva za SingStar, na duka lake la nyimbo la mtandaoni likafungwa. Diski zilibaki na kazi yake, lakini nyimbo mpya hazikununulika tena. Mwezi Januari 2024, Harmonix nayo ilihitimisha utoaji wa nyimbo mpya za Rock Band.

Funzo lake ni la mfukoni. Mnunuzi aulize nyimbo zimo ndani ya diski au zinategemea seva. Aulize pia kama anazilipia mara moja au kila mwezi. Mchezo wa bei ndogo wenye nyimbo 30 na duka ghali unaweza kumgharimu kuliko ulioonekana ghali siku ya kwanza.

Programu za simu zina mtego wa aina yake. Baadhi huisafisha sauti na kuinyoosha noti kabla ya kumrudishia mwimbaji, naye husikia uzuri ambao hakuufanya. Kwa anayejifunza, marekebisho hayo yazimwe yote.

Kwa mwimbaji wa Kiswahili

Orodha za michezo inayouzwa zimejaa nyimbo za Kiingereza na za lugha nyingine za Ulaya. UltraStar hutoa njia, kwa kuwa kila wimbo wake ni faili la maandishi ya kawaida, ambalo kila mstari hutaja noti inaanza lini, inadumu muda gani, iko wapi katika ngazi, na inabeba silabi ipi. Mwalimu wa kwaya mwenye kompyuta na subira anaweza kuandika wimbo wa kundi lake mwenyewe. Wimbo wa mtu mwingine huhitaji ruhusa ya mwenyewe.

Kiswahili kinafaa kwa kazi hiyo. Mchezo hupima noti kwenye irabu, kwani herufi kama s, f na k hazina noti, na silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu iliyo wazi.

Taarabu ni mtihani mgumu zaidi. Mizani ya michezo hii imejengwa juu ya nusu toni 12 zilizo sawa, ilhali taarabu ya Zanzibar, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, iliathiriwa na muziki wa Misri wenye vipimo vidogo kuliko nusu toni. Madoido ambayo wasikilizaji huyatunza, mchezo unaweza kuyahesabu kuwa makosa. Rock Band 4 ya mwaka 2015 ilijaribu kulegeza sheria kwa kumruhusu mwimbaji wa viwango vya juu kubuni noti zake na bado apate alama, lakini hata humo ngazi ni zile zile 12.

Koo halina akiba

Anayefukuza alama hupaza sauti kuliko anavyodhani. Wimbo uliopanda mno uachwe au uimbwe oktava chini, maji yawe karibu, na zoezi likome koo linapoanza kukwaruza. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu ni ya kupelekwa kwa daktari.

Kwa jumla, mchezo unaostahili fedha za mwanafunzi ni ule unaochora mstari wa sauti yake, wenye kiwango kisichosamehe, usiochelewa, na ambao nyimbo zake hazitatoweka seva zikizimwa. Mwenye kompyuta aanze na UltraStar, maana ni bure. Baada ya mwezi mmoja azime kioo na kumwimbia mtu mwenye sikio zuri. Huyo ndiye atakayesema kama alama zilikuwa za kweli.