Academy of Model Aeronautics

Chama cha Marekani cha watu wanaorusha ndege za mfano kwa burudani. Kilianzishwa mwaka 1936, na makao yake makuu yako Muncie, Indiana. Kwa kawaida mrushaji hulipa ada mbili: ya chama, na ya klabu yenye uwanja anaorushia, ambayo kila klabu hujipangia yenyewe. Faida kubwa ya ada ya chama ni bima. Ndege ya kilo kadhaa ikimwangukia mtu au gari, fidia yake yaweza kummaliza mrushaji mmoja. Ndiyo maana klabu nyingi hazimruhusu mtu kurusha bila kadi ya uanachama, na zinafanya vyema.

Mashindano rasmi huhitaji kibali cha chama na msimamizi aliyeidhinishwa. Mashindano ya kimataifa hufuata kanuni za FAI, shirikisho la michezo ya anga lililoundwa mwaka 1905, linalodai leseni ya michezo. Katika sarakasi za ndege zinazoongozwa kwa nyaya, kanuni ya Marekani kwa muda mrefu imemtaka mshindani arushe ndege aliyoiunda mwenyewe, sharti linalotunza ufundi wa mikono.